Tupeane uzoefu: gemu mlizoziacha katikati mlizirudia vipi?

Mwanzisha mada:

Ndugu wadau, habari zenu. Tunapozungumzia mrundikano wa gemu ambazo mtu anazo na hajazimaliza, mara nyingi mazungumzo huishia kwenye zile ambazo hazijafunguliwa kabisa: zilizonunuliwa wakati wa punguzo, au zilizochukuliwa bure kwa sababu Epic Games Store, duka la gemu la mtandaoni, hutoa gemu ya bure kila wiki. Mimi naziona hizo kuwa nyepesi. Gemu ambayo hujaianza inakungoja vilevile ilivyo, na siku utakayoifungua itakufundisha kila kitu tangu mwanzo. Nzito ni ile uliyoiacha njiani, ukiwa umeshakaa nayo saa nyingi, kisha shughuli zikakubana. Ukiifungua tena unamkuta mhusika wako amesimama mahali usipopakumbuka, amebeba silaha ambazo hujui kwa nini ulimpa, na anatakiwa aende kwa mtu ambaye jina lake limekutoka kabisa.

Naanza na yangu. Red Dead Redemption 2, iliyotoka mwaka 2018, niliiacha katika sura ya nne. Niliporudi hadithi niliikumbuka vizuri, lakini vidole ndivyo vilivyokuwa vimesahau. Katika gemu hiyo kitufe kimoja hubadilika kazi kulingana na hali: kwenye pedi ya PlayStation, ukishikilia L2 mkono ukiwa mtupu unapata nafasi ya kumsalimia mpita njia, na ukiwa umeshika bunduki unamlenga. Kwa hiyo sikugusa misheni yoyote kwanza. Nilimsugua farasi, nikavua samaki, nikawinda, nikapita mjini nikiwasalimia watu mpaka mkono ulipozoea tena, ndipo nikaendelea na hadithi hadi mwisho, pamoja na lile hitimisho lake refu ambalo nalipenda kuliko sehemu nyingine zote. Tangu hapo nashikilia kwamba mikono irudishwe kwanza, hadithi ifuate.

Hollow Knight ya mwaka 2017, gemu ya kuchunguza mapango ya chini ya ardhi, ilinidai njia nyingine, kwa sababu pale kinachopotea ni kumbukumbu ya mahali. Ramani ya kila eneo huuzwa na mchoraji Cornifer, ambaye kwa kawaida unamtafuta humo humo mapangoni, na vyumba unavyovigundua mwenyewe haviongezwi kwenye ramani mpaka uwe na kalamu na ukae kwenye benchi, yaani mahali pa kupumzikia. Ramani yangu ilikuwa imejaa, ila sikujua tena ni njia zipi nilikuwa nimeziacha kwa kukosa uwezo fulani na zipi sikuwahi kuzifikia. Nilianza upya, wala sikujuta. Msimamo wangu ndio huo: gemu ya hadithi iendelezwe pale ilipoishia, gemu ya mapango na njia zilizofungwa ianzwe upya.

Wapo watengenezaji waliolifikiria jambo hili kwa upole, na wanastahili shukrani. The Witcher 3 ya mwaka 2015 husimulia kwa sauti ulikofikia kila unapofungua ulichohifadhi. Pokémon FireRed na LeafGreen, za mwaka 2004, zilikuwa zikionyesha mambo machache ya mwisho uliyoyafanya kabla hazijakurudisha safarini. Dragon Quest XI nayo hukupa muhtasari wa hadithi. Alan Wake ya mwaka 2010 iligawanywa kwa vipindi, na kila kipindi kipya kikitanguliwa na kumbukumbu ya kilichopita, kama tamthilia ya televisheni. Sijui kwa nini jambo hili halijawa la kawaida katika gemu zote ndefu.

Karibuni mtueleze mlizirudia vipi za kwenu, au kama mliamua kutozirudia, mlifikiaje uamuzi huo.

Mchangiaji wa kwanza:

Asante kwa mada, mkuu. Yangu ni Mass Effect, na ugumu wake ni kwamba unaacha gemu tatu kwa pamoja. Zilitoka mwaka 2007, 2010 na 2012, na uamuzi wako katika ya kwanza hubebwa hadi ya tatu: aliyekufa amekufa, uliyemwacha hai anaweza kukutokea baadaye akikushukuru au akikulaumu. Mimi niliacha katikati ya ile ya pili. Niliporudi, wahusika walikuwa wakiniambia mambo niliyowatendea, nami nilikuwa nikiwasikiliza kama mgeni.

Niliamua kuanza tangu ya kwanza, kwa kutumia toleo la mwaka 2021 lililokusanya zote tatu. Hapa ninatofautiana nawe kidogo, mkuu, maana hii ni gemu ya hadithi na bado kuianza upya ndiko kulikoiokoa. Kwa maoni yangu, swali ni kama uamuzi ulioufanya zamani bado unauhisi kuwa wako. Ukiuhisi, endelea. Usipouhisi, utamaliza safari ya mtu mwingine. Safari hii nilimwokoa mtu ambaye zamani nilimwacha, na gemu ya tatu ikawa na uzito ambao nisingeupata kwa kuendeleza pale pale.

Mchangiaji wa pili:

Mimi sikupewa nafasi ya kuchagua. Kaseti nyingi za gemu za zamani zilihifadhi safari ya mchezaji kwa nguvu ya betri ndogo iliyomo ndani, na Pokémon Gold na Silver za mwaka 1999 zilikuwa na saa iliyotumia betri hiyo hata kaseti ikiwa haichezwi. Niliporudi baada ya miaka mingi, kila kitu kilikuwa kimefutika. Betri inaweza kubadilishwa na fundi, lakini kilichokuwemo hakirudi. Nilianza upya na nikamchagua Pokémon, yaani mnyama wa kuanzia safari, yule yule wa zamani.

Mchangiaji wa tatu:

Ndugu zangu, mimi nina daftari. Kila ninapozima gemu naandika sentensi mbili au tatu: niko wapi, nilikuwa naelekea wapi, na ni jambo gani lilikuwa linanisumbua akili. Hilo la tatu ndilo lenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu gemu yenyewe inaweza kukuonyesha mahali ulipo na misheni inayofuata, lakini haijui ulikuwa unashuku nini.

Mazoea hayo niliyapata kwenye Outer Wilds ya mwaka 2019, gemu ya kuchunguza sayari kwa chombo cha anga. Humo huongezewi nguvu wala silaha. Jua hulipuka baada ya dakika 22, unaamka tena mwanzoni, na kitu pekee unachobaki nacho ni ulichokijua. Kompyuta ya chombo chako huunganisha kwa mistari kila ulichokigundua, na hukuambia kama mahali fulani bado pana jambo la kuchunguza, kwa hiyo hata ukikaa muda mrefu mbali nayo unaweza kurudi ukasoma na kuelewa ulikofikia. Niliona ni haki gemu zangu nyingine nazo zipate kitu kama hicho, hata kama ni mimi wa kukiandika.

Mchangiaji wa nne:

Mimi nimeamua kutorudi, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Ni Persona 5, ambayo inakwenda kwa kalenda, siku baada ya siku, na wengi huimaliza kwa saa zipatazo mia moja. Nilifika kiangazi cha kalenda hiyo. Niliyoyapata yalikuwa mazuri, marafiki wa mhusika wangu niliwapenda, na hamu ikaisha pale. Ukiangalia kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, tuzo ambazo wachezaji hupewa kila wanapofikia hatua fulani, utaona katika gemu nyingi ndefu kwamba waliopata tuzo ya mwisho ni wachache sana kuliko waliopata ya kwanza. Hao wote hawakupoteza walichokicheza.

Ila nina swali kwa mwanzisha mada: ulipoanza upya Hollow Knight, safari ya zamani uliifuta?

Mwanzisha mada:

Hapana, ndugu yangu, sikuifuta. Hollow Knight ina nafasi nne za kuhifadhi, kwa hiyo ya zamani niliiacha katika nafasi ya kwanza na mpya nikaianzisha katika ya pili. Nilipopata makucha ya Mantis, yanayokuwezesha kung'ang'ania ukuta na kuruka kutoka hapo, nilifungua ile ya zamani ili nilinganishe, nikaona kwamba uwezo huo nilikuwa nao tangu wakati ule. Njia nilizodhani zimefungwa zilikuwa wazi zote. Niliendelea na ile mpya, kwa sababu hiyo ndiyo niliyokuwa naifahamu kila kona.