Kuhusu: Mchezo wa kusimama London, na lile koti

Kutoka: Mwalimu wa Bweyogerere
Jumapili, 10 Novemba 2024

Wapendwa, habari za Jumapili.

Mwezi ujao naenda London wiki mbili kwa kozi ya kazini. Viza imeshatoka: nililipa paundi 115, nikaambatanisha kibali changu cha kazi cha hapa Uganda ili waone maisha yangu yako wapi. Jioni moja nitakuwa huru, na ninataka kwenda kuona Guys and Dolls, mchezo wa kuigiza wa nyimbo, pale ukumbi wa Bridge Theatre. Marehemu baba alikuwa na santuri ya nyimbo za mchezo huo nyumbani Tanga. Nilizijua sauti zile kabla sijajua neno moja la Kiingereza.

Sasa nimekuta tiketi za aina mbili, za kukaa na za kusimama. Hizo za kusimama ndio zipi? Kule nyuma ukutani? Nina miaka 52, nitaweza? Aliyewahi kwenda anisaidie. Na lile koti la baridi tunaloazimana liko kwa nani siku hizi?

Kutoka: Dada wa Ntinda
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Koti liko kwangu, njoo ulichukue. Na tiketi, chukua ya kusimama. Natanguliza hilo kwa sababu nilikwenda mwezi wa nne nilipomtembelea mdogo wangu, naye alitaka tukae, tukabishana hadi mlangoni.

Huko si nyuma hata kidogo. Viti vimezunguka ukumbi pande zote, na pale katikati ambapo mtu angetafuta jukwaa pana sakafu tupu, ndipo mnaposimama. Juu ya vichwa vyenu yananing'inia mabango ya taa za neoni za New York. Muziki unaanza, na sakafu yenyewe inainuka. Kipande hiki kinapanda kwa mashine, mwigizaji yuko juu yake, hatua mbili kutoka ulipo. Kikishuka, kingine kinapanda nyuma yako na umati mzima unageuka. Kati yenu wanapita wahudumu waliovaa sare za polisi wa New York wa zamani, wanawasogeza huku na huku. Watii mara moja, maana kazi yao ni usalama wenu: sakafu ikianza kupanda hutakiwi kuwa juu yake. Baada ya muda nilisahau kuwa ni wahudumu. Nilikuwa mpita njia wa Broadway, mtaa wa maigizo wa New York, naambiwa nipishe.

Kwa wasioujua mchezo: ulifunguliwa Broadway mwaka 1950, nyimbo ni za Frank Loesser, na kisa kimetokana na hadithi za Damon Runyon. Nathan Detroit anatafuta pa kuchezeshea kamari ya dadu. Mwenye gereji anataka dola 1,000, naye hana kitu. Anawekeana dau na Sky Masterson, mcheza kamari mkubwa, kwamba Sky hawezi kumchukua Sarah Brown wa misheni wakaenda kula chakula Havana.

Mwalimu, wewe unapita mjini kila siku. Unawajua walokole wanaohubiri karibu na paki ya taksi, jua la saa saba, sauti imekauka, na vibanda vya kubeti viko mita chache tu kutoka hapo, vimejaa vijana. Sarah ni kama mmoja wao. Alipita katikati yetu na kikundi chake na ngoma yao, nami nikampisha bila kumtazama usoni, kama ninavyofanya Kampala. Alipopanda kipande chake cha sakafu akaanza kuhubiri ndipo nikashtuka. Aliye kitini anatazama watu wakimpuuza Sarah. Sisi tuliosimama tulikuwa ndio hao watu. Tangu niliporudi sijaweza kupita pale paki vilevile. Juzi nilisimama nikamsikiliza mama mmoja mpaka akamaliza.

Na Adelaide! Amechumbiwa na Nathan miaka 14, harusi haifiki, mafua hayamwachi. Aliimba akiwa karibu nami kiasi cha kuona vidole vyake vikiminya leso. Kwetu mwimbaji wa taarabu akiligusa jeraha lako unainuka, unakwenda mbele kumtunza, na mkono wangu ulishafika kwenye pochi. Huko hawatunzi, Mwalimu, wala usimguse mwigizaji. Mpe makofi.

Karibu na mwisho Sky anawawekea wacheza kamari dau: akishindwa, kila mmoja anapata dola 1,000, akishinda, wote waende misheni kusali. Wanakwenda. Mmoja wao, Nicely-Nicely, anasimama kutoa ushuhuda wa ndoto yake ya mashua. Siku ile wimbo uliisha, watu wakapiga kelele, ukarudiwa, ukarudiwa tena. Nilikulia kwenye kwaya, najua wimbo unapochukua watu, lakini sikuwahi kuwa katikati yake hivyo, mwimbaji juu yangu na jasho lake linaonekana.

Mengine ya msingi. Vaa viatu bapa ulivyokwisha kuvizoea, mchezo unachukua karibu saa tatu pamoja na mapumziko. Koti na begi wanapokea mlangoni, tunza namba yake. Tiketi inunue ukiwa bado Kampala, kwa sababu benki hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS kwenye laini ya hapa. Mimi nilingoja nifike, ujumbe haukuingia, kadi ikakataliwa mara mbili mdogo wangu akalipa. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014, gusa kadi tu. Shuka kituo cha London Bridge, ufuate mto mpaka karibu na Tower Bridge. Tiketi ikisema 19:30 ni saa moja na nusu jioni, na Desemba giza linaingia saa kumi, kwa hiyo usiiamini anga, tazama saa. Halafu usichelewe kununua: mchezo unafungwa tarehe 4 Januari 2025.

Kutoka: Kaka wa Bugolobi
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mwalimu, usinunue adapta ya chaji. Soketi za Uingereza ni hizi hizi zetu za pini tatu.

Kutoka: Mzee wa Kisenyi
Jumanne, 12 Novemba 2024

Wanangu, salaam.

Mwenye magoti mabovu akae, wala asione haya. Viti vipo kwa ajili yake. Dada wa Ntinda ana miguu ya ujana.

Ila nimesoma barua yake mara tatu, nikakumbuka Makerere. Mwaka 1965 wanafunzi wa chuo walianza kuzunguka na michezo yao wilayani, wakiigiza bila kiingilio popote penye nafasi, kwa Kiingereza na kwa lugha za watu. Uwanja ukiwa mdogo, watazamaji wanabanana hadi mwigizaji anawaomba nafasi. Huyo hakuhitaji mashine ya kuinua sakafu.

Halafu nikamkumbuka Byron Kawadwa. Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Bwana Jogoo, mchezo wake wa nyimbo kwa Kiganda, ulipelekwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, mwaka 1977. Aliporudi, mwaka uleule, watu wa Amin walimchukua na kumuua. Alikuwa mkuu wa National Theatre yetu, jengo lililofunguliwa 1959, ambalo wengi wenu mnalipita mkienda kununua vinyago nyuma yake. Ninatamani mtu auinue mchezo ule kwa namna hii ya London, tukiwa tumesimama sote katikati, Waganda na sisi wageni wao, na majogoo yanaimba kati yetu. Siku hiyo sitatafuta kiti.

Kutoka: Mwalimu wa Bweyogerere
Ijumaa, 20 Desemba 2024

Wapendwa, nimerudi salama. Mzee wangu, shikamoo. Nilisimama.

Saa ya kwanza ilinipa taabu, si kwa magoti, kwa aibu. Nilijiona mzee kati ya vijana, nikajibana pembeni karibu na viti. Polisi mmoja akanihamisha mara tatu, na mara ya tatu nikajikuta mbele kabisa. Ngoma ya misheni ikapita ubavuni mwangu. Dada, niliyakumbuka maneno yako nikamtazama Sarah usoni.

Wimbo wa mashua ulipoanza niliutambua kwa mpigo wa kwanza. Ule wa baba. Santuri yake ilikuwa na mkwaruzo mahali fulani katikati, sindano ikifika pale inaruka, na sisi watoto tulikariri wimbo pamoja na ule mruko. Nilingoja uruke. Haukuruka. Nikasikia kwa mara ya kwanza maneno yaliyokuwa chini ya mkwaruzo, mimi mtu mzima, machozi yananitoka na kijana nisiyemjua amenishika bega.

Mchezo ulipoisha bendi iliendelea kupiga, waigizaji wakashuka, tukacheza nao pale pale sakafuni. Nilicheza chakacha. Hakuna aliyenizuia.

Mzee, Jumapili nitakuja Kisenyi unisimulie mchezo wa Kawadwa kuanzia mwanzo. Nitaleta daftari.

Koti limefuliwa, na kifungo cha tatu kilichokuwa kimelegea nimekishona upya. Anayesafiri mwezi wa kwanza aseme mapema.