Tiger zetu zimezeeka: anayetuzuia kununua ndege mpya ni Washington au ni Bunge letu?

Mwana wa Mkomani (mwenye mada)

Asalaam aleikum, jamaa wa Amu (Lamu) na jirani zetu wa Malindi. Kenya ilipata ndege zake za kwanza za kivita za F-5, ndizo hizo Tiger, kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha karibu na mwaka 2007 ikaongeza 15 za mtumba kutoka Jordan kwa takriban shilingi bilioni 1.5. Ndizo zilizotumika Somalia tangu Oktoba 2011. Kiwanda kiliacha kuziunda miaka ya 1980, na sisi wa mpakani ndio wa kwanza kuuliza: zikiisha, nini kitafuata? Kuna wanaosema Marekani haitaki tuwe na ndege za maana. Wengine wanasema Wamarekani wanasingiziwa, fundo liko Nairobi. Nawaachia uwanja, ila tuseme mambo kwa ushahidi.

Maalim wa Shela

Waaleikum salaam. Tuanze na jinsi Marekani inavyouza, maana wengi wanadhani ni kama kwenda dukani na pesa mkononi.

Serikali inayonunua hupeleka barua ya maombi. Jeshi la Marekani hukadiria bei, kisha hutoa barua ya ofa yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita bila sahihi na bila malipo ya kwanza, ofa imekufa. Katikati kuna Kongresi, yaani bunge lao. Kwa nchi za NATO na wateule wachache, mfano Japani na Israeli, taarifa rasmi hukaa huko siku 15. Kwetu ni siku 30. Tulitajwa kuwa mshirika mkuu nje ya NATO mwezi Juni 2024, watu wakashangilia, lakini cheo hicho hakikupunguza hata siku moja hapo.

Na siku 30 si tatizo. Tatizo ni kabla ya siku hizo. Kwa desturi, wala si kwa sheria, viongozi wa kamati za mambo ya nje za Seneti na Baraza la Wawakilishi, wa chama tawala na wa upinzani, huonyeshwa mauzo mapema. Mmoja wao akisema "subirini", faili hulala. Hakuna kura wala tangazo, na mnunuzi huambiwa tu kwamba shughuli inaendelea. Nigeria ilionja hayo. Ilitaka ndege 12 za mashambulizi za Super Tucano. Mwezi Januari 2017 ndege ya jeshi lake ikapiga kambi ya wakimbizi wa ndani huko Rann, wakafa raia zaidi ya 100, na Washington ikasimamisha faili. Lilifufuliwa Agosti mwaka huohuo, na ndege za kwanza zikatua Nigeria Julai 2021.

Bi Kizingitini

Maalim, umeeleza vizuri ila umeruka kisa chetu wenyewe. Januari 2017 Marekani ilitangaza kwamba inaweza kuiuzia Kenya ndege 12 za AT-802L na mbili za mafunzo za AT-504, pamoja na silaha, vipuri na mafunzo, kwa bei isiyozidi dola milioni 418, mkandarasi akiwa kampuni ya L3 ya Marekani. Hizo si ndege za kasi, ni za propela, asili yake ni ndege za kunyunyizia dawa mashambani, lakini kwa msitu wa Boni zingefaa kuliko F-5.

Nani alipiga kelele? Ni mbunge wa huko kwao, Ted Budd wa North Carolina. Kampuni ya IOMAX iko katika jimbo lake, inaunda ndege ya aina hiyohiyo, na ilidai ingetuuzia kwa bei ya chini sana. Akataka uchunguzi. Huku nyumbani nako wanasiasa wakalichukua, na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Mpango ule ukafifia, ndege hazikufika.

Sasa niambieni, hapo aliyetuzuia ni adui? Ni siasa za ajira za jimbo moja la Marekani zilizokutana na siasa zetu za uchaguzi. Nairobi ingekuwa na jibu tayari kwa nini L3 na si IOMAX, kelele zile zisingefika popote. Haikuwa nalo, au ilikuwa nalo na ikaona haya kulitoa.

Fundi wa Langoni

Mimi nimo kwenye vipuri, basi nitazungumzia vipuri.

F-5E ina injini mbili aina ya J85 za General Electric. Kiti cha rubani, kile kinachomrusha nje ndege ikiharibika, kinafanya kazi kwa fataki maalumu za baruti. Fataki hizo zina tarehe ya mwisho. Ikipita, ndege hairuhusiwi kuruka hata kama injini ni mpya. Ni kitu cha kushika mkononi, kinaingia katika kisanduku kidogo, na kinahitaji kibali cha kusafirisha silaha kutoka nchi kilikotengenezwa. Kwa hiyo anayetaka kuiweka ndege yako chini hana haja ya kuidungua. Anachelewesha karatasi.

Na si ndege za Marekani pekee. Argentina ilitaka ndege za kivita za FA-50 za Korea Kusini. Oktoba 2020 Wakorea wakaandika barua: ndani yake mna vifaa sita vikuu vya Uingereza, na Uingereza, kwa uhasama wa Falklands, visiwa wanavyogombania na Argentina, haivitolei kibali. Biashara ikafa. Mwaka 2024 Argentina ikaishia kununua F-16 za mtumba 24 kutoka Denmark, tena kwa ridhaa ya Marekani. Hata zile zetu za Jordan zilikuwa hivyohivyo: sheria ya Marekani inamtaka aliyenunua silaha zake aombe ruhusa kabla ya kumuuzia mtu wa tatu. Kwa hiyo hata mtumba una mwenyewe.

Mlinda Nahodha

Ndiyo maana nasema tuwaache. Kuna China, kuna Urusi. Uganda hapo jirani walinunua ndege sita za kivita za Kirusi, Su-30, mwaka 2011, hawakumpigia mtu magoti.

Bi Kizingitini

Ndugu yangu, Uganda walilipa zaidi ya dola milioni 740 kwa ndege hizo na silaha nyingine, pesa zikatolewa kwenye akiba ya benki kuu kwanza, Bunge likaombwa baraka baadaye. Ukiona hilo ni jambo la kuiga, sawa. Mimi nikiona Bunge linaletewa risiti badala ya ombi, najua hakuna Bunge.

Maalim wa Shela

Na habari ya Urusi imebadilika tangu 2011. Mwaka 2017 Marekani ilitunga sheria ya kumwekea vikwazo anayefanya biashara kubwa ya silaha na Urusi. Indonesia ilisaini mkataba wa ndege 11 za Kirusi za Su-35 mwaka 2018, sehemu kubwa ya malipo ikiwa bidhaa kama mafuta ya mawese na kahawa. Sheria ile ikawatisha, wakauweka kando, wakahamia Rafale za Ufaransa. Uturuki, tena mwanachama wa NATO, ilipokea mitambo ya kuzuia ndege ya S-400, ikatolewa katika mpango wa F-35 Julai 2019. Sisi ambao hata mafunzo ya marubani wetu yamefungamana na nchi za Magharibi tuna ubavu gani?

China sawa, lakini soma vizuri. Ndege ya kivita ya JF-17 wanayounda na Pakistan huruka kwa injini ya Kirusi na mara nyingi kiti cha rubani ni cha kampuni ya Martin-Baker ya Uingereza. Unarudi palepale alipotufikisha Fundi.

Mwana wa Mkomani (mwenye mada)

Basi hakuna mlango usio na kufuli. Nikubali hilo. Lakini yule anayelipa halafu ananyimwa, je? Pakistan ililipa mamia ya mamilioni ya dola kwa ndege 28 za F-16. Mwaka 1990 Marekani ikazizuia kwa sababu ya mpango wa nyuklia, zikawekwa jangwani Arizona. Walirudishiwa haki yao kuanzia 1998, sehemu pesa, sehemu bidhaa, ngano ikiwemo. Unatoa dola, unapokea ngano!

Mvuvi wa Matondoni

Samahani kwa kuingilia wataalamu. Mnajadili jinsi ya kununua; mimi nauliza ya nini. Kutoka Nanyuki, kwenye kambi ya F-5, hadi Amu ni kama kilomita 500 kwa anga. F-5 kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa inafika baada ya nusu saa na ushei. Tangi lake la ndani ni lita 2,500 hivi, kwa hiyo bila matangi ya nje haikai juu ya msitu muda wa maana. Amu hadi Kiunga, kilomita 90 hivi, inapita dakika sita. Mtu aliye chini ya mkoko ataonekana vipi kwa dakika sita? Na tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa Manda, ndege ziliteketea zikiwa chini. Zilikosa ulinzi wa ardhini.

Fundi wa Langoni

Swali zuri, na jibu ni kwamba ndege ya kivita si ya msituni. Ni ya kulinda anga, ya kumwambia jirani asipite bila hodi. Ila gharama yake si bei ya kununua. Afrika Kusini ilinunua ndege 26 za kivita za Gripen katika mkataba wa silaha wa 1999. Septemba 2021 mkataba wa matengenezo ukaisha bila mwingine, bajeti haipo, zikalala hangani zaidi ya mwaka. Zilikuwa nzima. Huo ni mkwamo wa kisiasa pia, wa Hazina na si wa mgeni.

Bi Kizingitini

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Sheria yetu ya ununuzi ya 2015, kifungu cha 90, inaruhusu vyombo vya usalama kuwa na orodha mbili, ya wazi na ya siri. Sina ugomvi na siri ya rada na makombora. Nina ugomvi na kuficha bei, wakala na miaka ya matengenezo. Tanzania iliuziwa rada ya ndege na BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, mwaka 2001 kwa pauni milioni 28, bei ambayo hata waziri wa Uingereza, Clare Short, aliipinga. BAE ikaja kulipa pauni milioni 29.5 zilizokwenda kwenye vitabu na madawati ya shule. Waliofichwa bei walikuwa wananchi.

Mlinda Nahodha

Waswisi wanapigia kura ndege, unataka na sisi? 2014 asilimia 53.4 walikataa Gripen. 2020 wakakubali kutenga faranga bilioni sita kwa asilimia 50.1. Sisi tungepiga kura ngapi kabla ya adui kuingia?

Bi Kizingitini

Sihitaji kura ya maoni. Nahitaji Kamati ya Ulinzi iulize mambo matatu kabla ya sahihi: matengenezo yamelipiwa miaka mingapi, kibali cha vipuri kinatoka nchi zipi, na ofa ikipita tarehe tunapoteza nini. Hayo si siri ya vita.

Maalim wa Shela

Ongeza la nne: ada ya Marekani ya kusimamia mauzo, asilimia 3.2, imehesabiwa ndani ya bei au juu yake? Katika dola milioni 400 hiyo ni karibu milioni 13.

Mvuvi wa Matondoni

Na anayeuliza ni nani? Mbunge wetu hayumo kwenye kamati hiyo.

Bi Kizingitini

Si lazima awemo. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, liseme wazi linaomba nini na kama jambo liko mahakamani, litiwe sahihi au dole gumba, lipelekwe kwa Karani wa Bunge au kupitia mbunge. Likisomwa, kamati ina muda maalumu wa kujibu. Maalim, andika rasimu. Mimi nitakusanya sahihi za Faza na Kizingitini.