Meno ya mbele yanacheza: ning'oe niweke bandia au nivumilie?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mama wa miaka 54, nipo Usa River, nimekulia Maji ya Chai, kwa hiyo rangi ya meno yangu mnaijua bila picha. Rangi nilishaizoea. Shida ni manne ya mbele chini: nikiyasukuma kwa ulimi yanaitika. Mtori sina wasiwasi nao, ila hindi la kuchoma nalipukuchua kwa kidole kama nalisha vifaranga.

Kliniki ya kwanza, daktari kachungulia dakika mbili: "Yameoza kwa maji haya, ng'oa yote uweke pleti," yaani bandia ya kuvaa na kuvua. Wa pili kasema tuanze na fizi. Hela ninayo ya kosa moja tu. Naombeni ushauri, utani baadaye.

Mzawa wa Meru: Mama, huyo wa kwanza muache. Kahawia yetu si kuoza, ni floridi ya maji tuliyokunywa utotoni jino likiwa bado linajijenga, na magadi ya kwenye makande yakaongezea. Ikizidi sana, gamba la juu linamomonyoka, ila haifanyi jino licheze. Mimi nina 61, kahawia tupu, yote yangu.

Kijana wa Kiboriloni: Pleti bei gani siku hizi?

Mzawa wa Meru: Dogo, fungua uzi wako.

Tabibu wa Kinywa: Mama shikamoo. Umepima sukari? Kisukari kisichodhibitiwa kinaharibu fizi vibaya sana, na wengi hugundulika hivi hivi.

Halafu kuna kucheza na kucheza. Jino likiyumba kidogo mbele na nyuma, kuondoa ugaga (uchafu uliogandia jino) ulio chini ya fizi kunaweza kulituliza. Lakini ukilibonyeza likazama, au usaha unarudi kila ukimaliza dawa, hilo usilionee huruma. Linaendelea kumaliza mfupa, na mfupa huo huo ndio utakaobeba bandia. Dai eksirei kabla ya koleo. Hospitali ya KCMC, Moshi, wana idara ya meno ukiona mjini wanakuzungusha.

Na ukishang'oa, fizi hunywea miezi ya mwanzo. Pleti la haraka haraka litalegea, kwa hiyo uliza mapema kama wanalirekebisha na kwa shilingi ngapi. Daraja, yaani bandia linaloshikizwa kwenye meno ya pembeni, linataka meno jirani yasagwe, na jirani zako nao wapimwe kwanza kama wako imara. Ile skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa kubeba jino bandia inahitaji mfupa wa kutosha, sukari iliyotulia, na kwa kawaida miezi 3 hadi 6 ya kushikana.

Mama Kwaya: Ila ukishang'oa usilale. Mimi nilikaa na pengo miaka sita, meno ya pembeni yakaliegemea kama abiria wa hiace ya Kwa Mrombo, fundi akahangaika kweli kupata nafasi. Pleti wiki ya kwanza kila "s" inapiga mluzi, nikahamia safu ya nyuma. Usiku nalitoa, nalisugua kwa sabuni ya kawaida (dawa ya meno inalikwaruza), naliloweka kwenye maji baridi. Weka kikombe mbali na wajukuu. Usiniulize.

Mleta uzi: Mrejesho, wapendwa. Nimepima kabla ya kunywa chai: sukari 13. Sikujua kabisa. Nimeanza dawa. Eksirei imepigwa, moja lilikuwa linazama, limetoka Jumatatu. Matatu yamesafishwa na kufungwa pamoja kwa kiwaya chembamba; pleti tutaongea fizi ikipona. Hindi bado napukuchua.