Mrejesho: kikundi cha mazoezi cha majirani, Kinondoni

Ndugu zangu, miezi minne iliyopita niliomba ushauri wa namna ya kuanzisha kikundi cha mazoezi kwa majirani zangu hapa Kinondoni, wengi wao wakiwa na shinikizo la damu au kisukari, nanyi mkanisihi tuanze kwa kutembea na kila mmoja apimwe kwanza.

La kupimwa nilitekeleza, lakini la kutembea nililipuuza. Wiki ya pili tulikimbia, mama mmoja akashikwa na kizunguzungu, na ingawa alipata nafuu siku hiyohiyo, watu wanne hawakurudi. Niliwaendea nyumbani mmoja mmoja kuwaomba radhi, na watatu wamesharejea.

Sasa tuko 19. Tunatembea kwa mwendo wa haraka Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kuanzia saa 12:00 asubuhi, dakika 50 kila siku, ili tufikishe dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Kilichotuimarisha kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule ushauri wenu wa kuwapanga watu wawili wawili: asiyeonekana hupigiwa simu na mwenzake kabla hatujaondoka, na mara nyingi huwa anauguza mtoto au hana nauli, wala si uvivu.

Linalonisumbua bado ni masika, kwa kuwa njia zetu hujaa maji. Nimeomba ukumbi kwa viongozi wa mtaa na ninasubiri jibu.