Naomba ushauri: wauza vyuma chakavu wasio na karatasi

Salaam aleikum wadau. Niko idara ya ununuzi, kiwanda kikubwa cha chuma upande wa Changamwe. Mteja wetu wa Ujerumani, ambako sheria ya minyororo ya ugavi inatumika tangu 2023, ametuletea dodoso refu: ajira ya watoto, usalama kazini, taka zenye sumu, mpaka kwa wanaomuuzia muuzaji wetu.

Makampuni makubwa hayanisumbui. Vyeti wanavyo tele (kuviamini ni kisa kingine). Shida ni chuma chakavu. Dalali mwenye leseni ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 namjua, lakini nyuma yake kuna vijana wa mikokoteni, na wengine huchanganya na betri kuukuu. Madini ya risasi yaliyomo kwenye betri hizo si mchezo jamani. Mtaani Owino Uhuru, papa hapa Mombasa, yaliwadhuru watu na kesi ikafika Mahakama ya Juu.

Bosi anataka tuwaache wote wasio na karatasi. Mimi naona watauza tu kwingine, na sumu ibaki mtaani. Mliowahi kukagua wauzaji wadogo, mlianzia wapi? Na ukaguzi wa kushtukiza, gharama alibeba nani?