Naomba ushauri: mzee ninayemhudumia Ayalandi kanitia ugonjwa wa roki yao, nianzie wapi?

BintiPangani
Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Mimi ni mlezi wa wazee, niko Ayalandi, kaunti ya Kildare, mwaka wa pili huu. Zamu zangu nyingi ni za usiku. Nimekulia Tanga kwenye nyumba ya taarabu na dansi, roki nilikuwa naisikia kama mashine ya kusaga ya jirani.

Kuna mzee mmoja hapa, kiharusi kimemnyang'anya maneno. Anaelewa kila kitu, kutamka ndiyo hawezi. Binti yake kamletea kispika na kuniandikia kwenye kikaratasi: Horslips, The Táin, yaani bendi na albamu yake. Nikamwekea kwa simu yangu. Kuna wimbo unaitwa Dearg Doom, gitaa likaingia tu-ru-ru-ru, na mzee akaanza kupiga ukingo wa kitanda kwa ule mkono mzima. Tangu siku hiyo kile kipande cha gitaa hakinitoki, nakiimba hata nikipiga deki.

Maswali mawili. La kwanza: mtu asiyejua chochote cha roki ya hawa watu na muziki wao wa asili aanzie wapi? Nina euro 30 za kuchezea, na kusikiliza kwangu ni kwenye basi. La pili: wimbo ule ukiisha, mzee ananyanyua vidole viwili. Nikiurudia mara ya pili anakasirika, anageukia ukutani. Natumia huduma ya bure, inachanganya nyimbo na kuchomeka matangazo, nikadhani labda ndiyo yanamuudhi. Anataka nini?

Mzaramo_Asilia
Dada, singeli imekukosea nini?

Besi_Tupu
Mpuuze huyo. Umeangukia pazuri. Horslips walianza Dublin mwaka 1970, na walianza kwa uongo: watatu walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya matangazo, wakaombwa wajifanye bendi kwenye tangazo la bia. Wakanogewa. Wakaingiza fidla, filimbi, mandolini na konsetina, yule mdogo wake akodiani, kwenye gitaa la umeme na dramu.

Kile kipande kilichokuganda wala si chao. Ni O'Neill's March, tuni ya zamani sana ya Kiayalandi, Johnny Fean akaitia kwenye gitaa lenye ukali. Waayalandi wanaipenda kiasi kwamba timu yao ya taifa ilipokwenda Kombe la Dunia mara ya kwanza, Italia 1990, wimbo wa timu ulijengwa juu ya kipande hicho hicho. Ndiyo maana hata wasiojua roki hapo ulipo watakiimba ukiwaanzia.

Ushauri wangu: The Táin ya 1973 yote, kwa mpangilio wake, bila kuchanganya. Kisha The Book of Invasions ya 1976. Hapo simama kwanza, za katikati ziache. Ukishazoea nenda Aliens ya 1977, inahusu Waayalandi waliohamia Marekani. Wewe mwenyewe uko ughaibuni, itakukuta.

Fidla_ya_Bibi
Mie nakataa. Kumuanzisha mtu na roki ni kumpa ukoko kabla ya wali.

Dada, uko Kildare na hujui ulipokaa! Kaunti hiyo hiyo kuna kijiji kinaitwa Prosperous. Christy Moore, mtoto wa Newbridge hapo, alirekodi albamu kijijini humo akaipa jina la kijiji, ikatoka 1972. Kati ya aliowaita wampigie, watatu wakaungana naye wakawa Planxty: Andy Irvine, Dónal Lunny na Liam O'Flynn. Na O'Flynn naye ni wa Kildare, kijiji cha Kill. Kwa hiyo mlima wenyewe uko nyuma ya nyumba yako na wewe unauliza njia.

Chukua albamu yao ya kwanza, 1973, ile ya jalada jeusi. Wimbo wa kwanza anaimba Moore, kisa cha bibi wa kitajiri aliyetoroka na watu wa kuhamahama. Halafu sauti inaisha, na bila kupumzika ala zinaingia kwenye tuni nyingine ya zamani, Tabhair Dom Do Lámh, maana yake nipe mkono wako. Ninaposikia zumari ya O'Flynn pale mie huacha ninachofanya. Zumari yao haipulizwi kwa mdomo. Ina mvukuto unaobanwa kwapani kwa kiwiko, na jina lake, uilleann, linatokana na hicho kiwiko. Wenyewe husema inataka miaka 21: saba ya kujifunza, saba ya kufanya mazoezi, saba ya kupiga.

Na usiogope mapigo. Jigi, tuni yao ya kuchezea, huenda sita kwa nane, sawa na chakacha. Mguu wa mtu wa pwani utajua pa kukanyaga.

Besi_Tupu
Nani kasema roki ni ukoko? Ndani ya The Táin kuna The Silver Spear, rili, tuni ya kuchezea ya kasi, ya asili kabisa. Ni muziki ule ule unaousifia.

Fidla_ya_Bibi
Wameivisha koti la ngozi. Si vibaya. Lakini uone mwili kwanza, koti baadaye.

Mkurya_wa_Sirari
Mnagombania ala, na dada hajaelezwa kisa. Neno táin lenyewe ni uvamizi wa kuteka ng'ombe. Hii ni hadithi ya kale mno ya Ayalandi, nami nilipoisoma nilicheka peke yangu.

Malkia Medb wa Connacht na mumewe Ailill wako kitandani, wanaanza kuhesabiana mali, nani kamzidi mwenzake. Vyombo sawa, pete sawa, kondoo sawa, farasi sawa. Imebaki moja: mume ana fahali mweupe. Na fahali huyo alizaliwa kwenye zizi la mke, akahamia la mume kwa sababu hakutaka kuwa mali ya mwanamke! Medb hakulala. Kuna fahali mwingine wa kufanana naye, wa kahawia, yuko Ulster. Akatuma watu wamuazime kwa mwaka mmoja. Mwenye fahali akakubali, ila wajumbe wakalewa, wakaropoka kwamba angekataa wangemchukua kwa nguvu. Basi, jeshi likaondoka.

Wanaume wa Ulster wote wako chini, wana uchungu kama wa mwanamke anayejifungua, ni laana. Amebaki kijana mmoja, Cú Chulainn, anakaa kwenye kivuko cha mto na kupambana na mmoja mmoja. Mwisho wanamletea Ferdia, ndugu yake wa kulelewa pamoja, waliofundwa silaha na mwalimu mmoja. Wanapigana siku tatu, na jioni mbili za mwanzo wanagawana dawa na chakula. Siku ya nne Cú Chulainn anamuua, kisha anambeba na kumlilia.

Hapa Sirari babu zangu wangewaita hao wateka ng'ombe ndugu zao. Sikiliza albamu ukijua hayo. Na cha kuchekesha, wimbo mmoja humo wameuita Charolais, aina ya ng'ombe weupe wa Kifaransa.

Nyatiti_Nane
Kwa anayetaka kuingilia dirishani: Afro Celt Sound System, albamu ya kwanza, 1996. Humo yumo Ayub Ogada wetu wa Kenya na nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo, na Iarla Ó Lionáird anayeimba Kiayalandi kwa ule mtindo wao wa zamani wa sauti tupu. Mimi niliingilia hapo.

Za sasa hivi jaribu Lankum wa Dublin, False Lankum ya 2023. Wanavuta sauti moja nzito chini, haikatiki, hadi ukuta unahisi. Ila wimbo wa kwanza usiusikilize kwenye korido ya wagonjwa saa tisa usiku. Niliuzima nikawasha taa.

Mzee_wa_Santuri
Marahaba, mwanangu. Nakuandikia kutoka Muscat. Nina santuri kuliko viatu, kwa hiyo nisikilize kwenye pesa.

Euro 30 zako usizipeleke kwenye santuri za kwanza za zama zile. Utasikia watu wanataja Mellow Candle, albamu yao moja ya 1972, sauti mbili za wasichana wa Dublin zinapishana kama kanga kwenye kamba. Nzuri mno. Ilipotoka haikununuliwa, leo nakala ya mwanzo inauzwa kwa bei ya wazimu. Fruupp wa Belfast nao, albamu nne kati ya 1973 na 1975, vinanda virefu, kwa siku ya mvua. Hizo zote zisikilize kwa simu. Pesa yako lipia mwezi mmoja wa huduma isiyo na matangazo, isiyochanganya nyimbo. Bwana Besi yuko sahihi, mpangilio ndiyo kila kitu.

Na sasa vidole. Nashangaa vijana hamkuona. Huyo mzee haombi urudie. Santuri ina pande mbili, na Dearg Doom ndiyo inayofunga upande wa kwanza wa The Táin. Ikiisha, sindano inafika katikati, mtu anainuka anageuza. Amefanya hivyo tangu ujana wake. Anakwambia upande wa pili. Unafunguliwa na Ferdia's Song.

Besi_Tupu
Mzee, nimevua kofia.

Fidla_ya_Bibi
Na mie.

BintiPangani
Nimerudi. Nimelipia mwezi mmoja. Kaka wa Sirari, nimesoma kisa chako mara tatu, cha fahali kukataa kumilikiwa na mwanamke nimewasimulia wenzangu jikoni, wakapaliwa na chai.

Fidla, Planxty nimeianza kwenye basi. Pale sauti inapoisha na ala kuingia, nikapitiliza kituo, nikatembea kwa miguu dakika 20 kwenye baridi. Nakudai.

Usiku wa jana nikamwekea mzee kuanzia mwanzo. Dearg Doom ikaisha, vidole viwili juu. Nikasimamisha kidogo, kama mtu anayegeuza santuri, kisha Ferdia's Song. Vidole vikashuka. Hakugeukia ukutani, alitazama dari upande mzima hadi mwisho.

Ulipoisha akanyanyua kidole kimoja.