Kifaransa: «rachetaient» ina silabi ngapi jamani?

Mtembezi_Kaole: Wakuu, natembeza wageni hapa Bagamoyo. Msimu huu Wafaransa ni wengi, nikaamua kuandika maelezo ya Misheni kwa lugha yao: mapadre walivyofika 1868, walivyokuwa wakiwakomboa watumwa. Vitenzi ndivyo vinanikaba. Naandika «ils rachetaient», sauti ya simu inasoma "il rash-te". Basi! Halafu «nous aimerions» inairefusha: "nu-ze-me-rion". Hawa watu wanafuata kanuni gani?

Bi_Chumbageni: Mwanangu, unagawa kwa macho. Ukikata neno kwenye karatasi ni ra-che-taient, sawa. Mdomoni ni mbili. Hiyo «aient» yote, herufi tano, ni irabu moja tu, "e" ya mdomo wazi. Na «e» ya «che» ni hafifu, humezwa pale konsonanti za jirani zinapoweza kusimama bila yake. «Aimerais» huimeza: em-re. Lakini katika «aimerions» nyuma ya r kuna sauti ya y. Ukiimeza, m, r na y zinabanana, ulimi unakwama. Kwa hiyo inabaki. «Rion» hiyo ni silabi moja, ya puani. Usiniletee "ri-o-ni" ya kwetu Tanga.

Mkonge_Mweupe: Shikamoo Bi. Kwenye kwaya tuliambiwa «ils parlent» ni silabi mbili, kumbe walitudanganya?

Bi_Chumbageni: Marahaba. Hawakukudanganya. Katika ushairi wa kale «par-lent» huhesabiwa mbili, isipokuwa mwishoni mwa mstari. Kwenye maongezi ni moja, "parl".

Goma_Ngamiani: Mtembezi, nakuona unaelekea kuandika «ils arrivèrent en 1868». Achana nayo, hiyo ni ya vitabuni. Sema «ils sont arrivés»: il-son-ta-ri-ve. T ya «sont» inahamia kwa jirani. Ila chunga s na z. «Ils sont» ni "il-son", «ils ont» ni "il-zon". Ukichanganya, "wana" inakuwa "wao ni", na mgeni atakukodolea macho.

Mtembezi_Kaole: Z na s sina shida nazo, nashukuru. Na «ils ont été»?

Goma_Ngamiani: Il-zon-te-te. Ukisema "il-zon-e-te" bila t pia ni sahihi, wengi ndivyo wanavyoongea.